Shajara ya mradi wa mazoezi ya kupanga dozi, Dar es Salaam, Februari hadi Juni 2025

3 Februari

Leo tumeanza rasmi. Mradi huu ni wa kuandaa mazoezi 12 ya kupanga dozi ya tiba mionzi kwa wanafunzi wanne wa uzamili ambao wako mikononi mwetu hadi mwanzoni mwa Juni, na sharti lake kubwa ni kwamba kila zoezi liwe na njia mbili za kufikia jibu: ya kwanza kwa programu ya kompyuta, ya pili kwa mkono, kwa jedwali, kalamu na kikokotoo. Sharti hilo nimeliweka mimi. Wenzangu wawili idarani wameniuliza, kwa nia njema, kwa nini niwarudishe vijana kwenye majedwali wakati programu inamaliza hesabu zote kabla chai haijapoa, nami nimewaomba wanivumilie, kwa kuwa jibu ninalo ila ningependa lionekane kwenye kazi yenyewe.

Wanafunzi wawili wana shahada ya fizikia, mmoja ameendesha mashine za mionzi kwa miaka sita, na wa nne ametokea idara ya picha za uchunguzi. Humu nitawataja kwa kwao: binti wa Iringa, kijana wa Tanga na kaka wa Unguja. Yule mwenye uzoefu wa mashine nitamwita Dada Mkubwa, kama wenzake walivyomwita tangu saa ya kwanza.

Asubuhi nzima ilikwenda kwenye neno moja. Mtu akisikia "dosimetria" hapa mjini, na hata ndani ya hospitali, hufikiria kile kibeji kinachovaliwa kifuani na kupelekwa kusomwa kila baada ya muda, huduma ambayo Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania huitoa kwa wafanyakazi wa mionzi. Hiyo ni dosimetria ya kumlinda mfanyakazi, na vipimo vyake ni vidogo: kikomo kinachofuatwa kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayomfikia mtu). Dosimetria ya tiba ni jambo jingine. Hapo mgonjwa hupewa mionzi kwa makusudi, mara nyingi karibu grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hadi saba, na mpangaji wa dozi ndiye anayetafuta mionzi hiyo iingilie wapi, kwa pembe ipi na kwa muda gani, ili uvimbe upate kiasi alichoandika daktari na viungo vya jirani vibaki ndani ya mipaka yao. Grei moja ni juli moja ya nishati iliyofyonzwa na kilo moja ya mwili. Ni nishati ndogo kiasi kwamba kipimajoto cha kawaida hakiwezi kuionyesha, lakini inatosha kuvunja vinasaba vya seli, za saratani na za kiungo chenye afya bila ubaguzi.

Katika nchi nyingine kazi hii ina jina lake na mlango wake. Nchini Marekani, tangu 2017, mtu hafanyi mtihani wa bodi ya wapangaji wa dozi bila kuwa na shahada ya kwanza na bila kuhitimu programu ya dosimetria iliyoidhinishwa. Kwetu kazi hubebwa na wanafizikia tiba pamoja na wataalamu wa mashine, na wengi wetu tulijifunza kwa kukaa nyuma ya kiti cha aliyetutangulia. Siidharau njia hiyo, kwa maana ndiyo iliyonilea. Kasoro yake ni kwamba mwanafunzi huyarithi makosa ya mwalimu pamoja na ujuzi wake, wala hana namna ya kuyatofautisha.

10 Februari

Zoezi la kwanza na la pili yamekamilika. Nimeanza na kobalti-60, ingawa vijana walitarajia tuanze na mashine ya kuchapua chembe, ile ambayo sote tunaiita linaki. Kobalti haifichi kitu. Chanzo chake kinatoa mionzi ya gamma usiku na mchana, mgonjwa awepo asiwepo. Ukifungua unahesabu muda, ukifunga umemaliza. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, yaani karibu asilimia 1.1 kila mwezi, kwa hiyo jedwali la Januari si jedwali la Februari. Na mashine hizi ndizo zilizotubeba: kwa miaka mingi, kabla huduma ya mionzi haijafika Bugando, Mwanza, mgonjwa wa saratani aliyeandikiwa mionzi mahali popote nchini alipanda basi kuja Ocean Road, na alichokikuta huko kilikuwa kobalti.

Tumelinganisha mashine mbili kwa uwanja, yaani eneo linalomulikwa na mionzi, wa sentimita 10 kwa 10. Kobalti hufikia dozi yake ya juu nusu sentimita chini ya ngozi, linaki ya megavolti 6 hufikia sentimita moja na nusu. Kwenye kina cha sentimita 10, kobalti imebakiwa na takriban asilimia 56 ya dozi hiyo, linaki takriban asilimia 67. Kaka wa Unguja aliuliza kama tofauti hiyo mgonjwa ataiona. Nilimwomba ageuze hesabu: ili grei 1 ifike kwenye kina hicho kwa uwanja mmoja, tishu za juu zitapokea karibu grei 1.8 kwa kobalti na karibu grei 1.5 kwa linaki. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa sasa ameelewa kwa nini shangazi yake alirudi nyumbani na kiuno kimeiva kama kilichounguzwa na maji ya moto.

17 Februari

Leo nitaandika kwa kirefu, kwa sababu leo ndipo nimepata hoja yangu ya kwanza.

Zoezi la tatu linasema hivi. Mgonjwa wa kubuni ana uvimbe katikati ya nyonga, sentimita 10 kutoka mbele na sentimita 10 kutoka nyuma. Daktari ameandika grei 2 katikati, kwa nyanja mbili za kobalti zinazotazamana, grei 1 kwa kila upande. Mashine, kwa mujibu wa zoezi, inatoa senti-grei 120 kwa dakika mahali pa dozi ya juu (senti-grei 100 ni grei 1). Tafuta muda wa kila uwanja. Hesabu haina mtego: senti-grei 100 gawanya kwa 0.56, ile asilimia 56 ya kobalti kwenye kina cha sentimita 10, ni 178.6, gawanya tena kwa 120, unapata 1.49.

Wote wanne walipata 1.49. Nikawaambia waandike kwenye karatasi ya matibabu, kama ambavyo mtu wa mashine atasoma. Watatu waliandika vizuri. Kijana wa Tanga, ambaye kwa hesabu ni mwepesi kuliko wenzake, aliandika "dakika 1, sekunde 49".

Dada Mkubwa ndiye aliyeiona kwanza. Hakumcheka wala hakumkaripia. Alimwambia, "Mdogo wangu, mimi ningekaa pale kwenye kitufe, ningebonyeza hiyo hiyo uliyoandika." Nukta nne tisa ya dakika ni sekunde 29. Muda sahihi ni dakika moja na sekunde 29, na ule ulioandikwa unazidi kwa sekunde 20, yaani mgonjwa angepata asilimia 22 zaidi kila siku, kila upande, kwa wiki tano.

Nilisimamisha somo nikawasimulia habari ya San José, Costa Rica, mwaka 1996. Hospitali moja huko ilibadilisha chanzo cha kobalti, na wakati wa kupima nguvu ya chanzo kipya, dakika 0.3 ikachukuliwa kuwa sekunde 30 badala ya sekunde 18. Mashine ikaonekana dhaifu kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo muda wa kila mgonjwa ukarefushwa. Wagonjwa 115 walipata dozi iliyozidi kwa zaidi ya nusu kabla jambo hilo halijagunduliwa, na baadhi yao walikufa kwa mionzi yenyewe. Kosa lilikuwa lile lile la kijana wa Tanga: desimali ya dakika imevaa nguo za sekunde. Sikumsimulia ili kumtia aibu. Nilitaka ajue kwamba kosa lake limewahi kufanywa na watu wenye vyeti na miaka kazini, na kwamba kilichokosekana kule ni mtu wa pili wa kuuliza, "Mbona dakika za wagonjwa wote zimeongezeka baada ya kuweka chanzo kipya, wakati zingepaswa kupungua?"

Swali hilo halihitaji kompyuta. Linahitaji mtu anayejua namba ielekee wapi kabla hajaikokotoa. Kuanzia leo kila zoezi litakuwa na kisanduku cha kujazwa kabla ya hesabu: "Ninatarajia jibu lipungue au liongezeke? Kwa nini?" Na muda wote utaandikwa kwa sekunde kamili, bila desimali ya dakika.

3 Machi

Mfungo umeanza, kwa hiyo vipindi vimehamia asubuhi. Zoezi la nne ni la umbali. Kobalti yetu ya zoezi hupangwa mgonjwa akiwa sentimita 80 kutoka chanzo hadi ngozi. Niliwauliza: godoro likishuka sentimita 2 bila mtu kugundua, dozi inapungua kiasi gani? Wengi walikisia asilimia 2 au 3. Tukiongeza ile nusu sentimita ya chini ya ngozi, mraba wa 80.5 juu ya 82.5 unatoa karibu 0.952, yaani pungufu ya asilimia karibu 5, na asilimia 5 ndiyo kiasi ambacho kwa miongo kadhaa vitabu vya fani hii vimetaja kuwa mpaka wa makosa yote kwa jumla: ya kupima mashine, ya kupanga na ya kumlaza mgonjwa. Godoro peke yake limekula akiba yote. Dada Mkubwa alisema kwamba kwa miaka sita alikuwa akisoma kipimo cha umbali kwa kuwa ni utaratibu, na leo ndiyo mara ya kwanza kujua thamani ya sentimita anayoisoma.

17 Machi

Tumeingia kwenye kuchora mipaka ya viungo, kazi ambayo nje ya idara hakuna anayejua kuwa ipo. Kila picha ya CT ya nyonga, yaani ya mashine inayouonyesha mwili vipande vipande kwa eksirei na kompyuta, ni kipande chembamba, milimita chache tu, na mpangaji hupita kipande kwa kipande akichora kibofu cha mkojo, puru, utumbo mdogo na vichwa vya mifupa ya paja, huku daktari akichora uvimbe na eneo ambalo saratani inadhaniwa kujificha bila kuonekana. Kisha huongezwa ukingo wa usalama kwa ajili ya mgonjwa kusogea na kupumua. Makubaliano ya kimataifa ya 1993 ndiyo yaliyoweka majina ya tabaka hizi tatu: uvimbe unaoonekana, eneo la kitabibu, na eneo la kupangia. Tangu hapo daktari wa Dar es Salaam na mwenzake wa Ulaya wanaweza kuzungumza kuhusu ukubwa wa eneo bila kupotezana.

Wiki iliyopita, nikipita kwenye benchi la kusubiria, bibi mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine inajuaje pa kuishia?" Nilimjibu kuwa haijui, bibi, sisi ndio tunaoiambia. Alitikisa kichwa kwa namna ambayo sikuweza kujua kama ameridhika au ameogopa zaidi. Nimelibandika swali lake ukutani mwa chumba cha mazoezi, bila kumtaja mwenyewe, kwa kuwa sijapata namna bora ya kueleza tunachokifundisha mwezi huu.

Picha tulizotumia zimeondolewa majina na alama zote za utambulisho, na zimepata kibali cha ndani. Wanafunzi wanne walichora puru ile ile kwenye picha zile zile, kila mmoja kwenye kompyuta yake bila kuangaliana. Kibofu hakikuleta shida, kwa maana mkojo huonekana wazi. Puru ilitutoa jasho. Binti wa Iringa alianzia juu ya mkundu na kuishia pale utumbo unapokunja kuelekea mbele, kama tunavyofundisha. Kijana wa Tanga aliishia chini zaidi, akakata puru fupi. Kaka wa Unguja alipanda juu hadi ndani ya utumbo wa sigmoidi, sehemu ya utumbo mpana iliyo juu ya puru, akashuka pia chini kupita kiasi, akapata puru ndefu.

Hapo niliwaonyesha jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua. Tulichukua mpango mmoja wa dozi, tukauweka juu ya michoro yote minne. Mipaka mingi ya dozi ya puru huandikwa kwa asilimia, yaani ni sehemu gani ya kiungo imepita dozi fulani. Puru ndefu ya kaka wa Unguja ilionekana salama kabisa, kwa sababu alikuwa ameingiza sehemu nyingi zilizo mbali na mionzi, nazo zikaipunguza asilimia. Puru fupi ya kijana wa Tanga ilionekana kuungua. Mpango ni ule ule, mashine ni ile ile, mgonjwa ni yule yule. Kilichotofautiana ni mstari wa kalamu ya kompyuta, na mstari huo ndio ambao daktari angeutumia kuamua kama mpango upite au urudi.

Njia ya pili kwenye zoezi hili haiwezi kuwa hesabu ya mkono, na jambo hilo lilinisumbua siku mbili. Mwishowe nimeweka hivi: kabla ya kufungua mchoro wa mwenzake, kila mwanafunzi anaandika kwa maneno alipoanzia, alipoishia na alama gani ya mwili iliyomwongoza. Wakilinganisha maandishi, tofauti inajitokeza mapema kuliko wakilinganisha picha, maana picha mbili zikikaribiana jicho huzisamehe.

9 Aprili

Mvua za masika, umeme umekatika mara mbili, na michoro ya asubuhi nzima ya binti wa Iringa imepotea kwa kuwa kifaa cha kuhifadhia umeme cha kompyuta yake kilikuwa kimekufa zamani bila mtu kuripoti. Amerudia yote. Zoezi la saba, la hesabu za linaki, tumelifanya kwa mkono karibu na dirisha. Nimeomba betri mpya.

22 Aprili

Kipindi cha picha za CT na uzito wa tishu. Nilikuwa na nia ya kukipita haraka, lakini kimegeuka kuwa siku nzuri kuliko zote hadi sasa.

Programu ya kupanga dozi huisoma picha ya CT kama ramani ya uzito: maji ni sufuri, hewa ni hasi 1000, mfupa ni mamia kadhaa juu ya sufuri, na pafu, lenye hewa nyingi, liko chini sana. Zoezi la nane ni saratani ya umio, ugonjwa ambao sisi watu wa upande huu wa Afrika tunaujua mno. Ili kuukwepa ugwe wa mgongo, ambao kwa kawaida hatutaki upite grei 45 hadi 50, mionzi hupitishwa kwa mshazari kupitia mapafu. Pafu haliizuii mionzi kama nyama inavyoizuia, kwa hiyo mpango unaodhani kwamba kifua chote ni maji hukosea dozi ng'ambo ya pafu. Wanafunzi waliendesha mpango mara mbili, mara ya kwanza kila kitu kikihesabiwa kuwa maji, mara ya pili kwa uzito halisi, nao wakaona mistari ya dozi sawa ikisogea mbele ya macho yao.

Ndipo nilipowauliza kama wanajua kwamba wazo la mwanzo lililozaa CT lilizaliwa Afrika, na kwa ajili ya tatizo hili hili. Hakuna aliyejua. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliombwa kusimamia matumizi ya isotopu, yaani vitu vinavyotoa mionzi, katika hospitali ya Groote Schuur kwa sehemu ya wiki, kwa kuwa mwanafizikia wa hospitali alikuwa ameondoka. Akiwa huko aliona jinsi mipango ya mionzi ilivyochorwa kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, akajiuliza namna ya kujua kilichomo ndani kwa kupima kwa nje tu. Alijaribu kwa duara la alumini lililozungushiwa mbao. Maandiko yake yalichapishwa 1963 na 1964, na kwa muda mrefu ni wachache walioyajali. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyetengeneza mashine yenyewe.

Dunia inaijua CT kama chombo cha kutafutia ugonjwa. Swali lililomwanzisha Cormack lilikuwa la mpangaji wa dozi. Binti wa Iringa aliandika sentensi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, nami sikuona sababu ya kuficha furaha yangu.

12 Mei

Zoezi la kumi ni la saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowaleta akina mama wengi kwetu kuliko saratani nyingine yoyote. Matibabu yana sehemu mbili. Ya kwanza ni mionzi ya nje, katika zoezi hili grei 45 kwa vipindi 25. Ya pili ni mionzi ya ndani, chanzo kidogo kinachoingizwa kwa mrija hadi kwenye mlango wa kizazi wenyewe, hapa grei 7 kwa mara nne. Kazi yote inapaswa kumalizika ndani ya wiki nane hivi, kwa sababu uvimbe uliojeruhiwa nao hujijenga upya, na kila siku ya ziada inampa adui nafasi. Kwa mama aliyetoka Kigoma na kufikia kwa ndugu Mbagala, wiki nane ni nauli, chakula na watoto aliowaacha. Mpango wa dozi usiozingatia hilo unaweza kuwa mzuri kwenye skrini tu.

Niliwauliza jumla ya dozi ya uvimbe. Walijumlisha: 45 na 28 ni 73. Puru nayo, iliyopata grei 5 kila kipindi cha ndani, wakaijumlisha: 45 na 20 ni 65, wakaandika "salama", kwa kuwa mpaka ambao wengi huuheshimu ni 75.

Lakini grei zinazotolewa kwa mkupuo mkubwa hazijumlishwi na zile za mkupuo mdogo kama shilingi na shilingi. Lazima kwanza zigeuzwe ziwe sawa na grei 2 kwa siku, na kiwango cha kugeuza hutegemea tishu: uvimbe hupewa uwiano wa 10, madhara ya baadaye ya puru uwiano wa 3, na kadiri uwiano unavyokuwa mdogo ndivyo tishu inavyoumizwa zaidi na mkupuo mkubwa. Tulifanya kwa mkono ubaoni. Kwa uvimbe, 45 inakuwa 44.25 na 28 inakuwa 39.7, jumla ni karibu 84, ambayo ndiyo dozi tunayoitaka. Kwa puru, 45 inakuwa 43.2 na 20 inakuwa 32. Jumla ni 75.2. Puru waliyoiandikia "salama" imevuka mpaka.

Kisha nikawaomba warudie puru ikiwa imepata grei 4.5 badala ya 5 kwa kipindi. Jumla inashuka hadi 70.2. Nusu grei kwa kila kipindi, ambayo hupatikana kwa kujaza vizuri vitambaa vya kusukuma puru nyuma kabla ya kupiga picha, inaleta grei 5 mwishoni. Dada Mkubwa aliuliza grei 5 hizo maana yake nini kwa mama mwenyewe. Nilimwambia kweli: pengine ni tofauti kati ya mama anayekwenda sokoni bila wasiwasi na mama ambaye miaka miwili baadaye anatokwa na damu chooni, anaona haya kusema, hata kwa binti yake. Mpangaji wa dozi hamwoni mama huyo. Kwa hiyo nimeongeza kisanduku cha pili kwenye mazoezi yote: "Namba hii ikikosewa, mgonjwa atapata nini, na lini?"

26 Mei

Mwenzangu mmoja wa wale wawili wa Februari alikuja kukaa nyuma ya darasa. Tulikuwa kwenye zoezi la 11, la vizuizi vya madini ya risasi, na nililitegemeza juu ya tukio la Panama la miaka ya 2000 na 2001. Taasisi ya saratani ya huko ilitumia programu iliyokubali vizuizi vinne tu kwa uwanja mmoja. Daktari alitaka cha tano, kwa nia njema kabisa ya kukinga viungo vya nyonga, na wapangaji wakagundua njia ya kuingiza vizuizi vyote kama kimoja. Programu ilikubali bila kulalamika, ikachora picha iliyoonekana sawa, lakini muda wa matibabu ukatoka ukiwa umekaribia mara mbili. Wagonjwa 28 waliathirika, na kadhaa walipoteza maisha. Hakuna aliyekuwa amekokotoa muda huo kwa njia nyingine.

Wanafunzi walikokotoa uwanja wa namna hiyo kwa mkono, kwa makadirio tu, bila kulenga usahihi wa programu. Iliwachukua dakika saba. Makadirio yenye kosa la asilimia 4 au 5 yanatosha kabisa kukamata jibu lililozidi mara mbili. Mwenzangu alikaa hadi mwisho, akaomba nakala ya zoezi, akaniambia, "Dakika saba nitazipata." Sikuhitaji zaidi ya hapo.

3 Juni

Siku ya mwisho ya wanafunzi hawa. Niliwapa mazoezi yote 12 wayapitie upya na majibu yangu pembeni, kama wahakiki, kwa mpangilio wowote waupendao.

Saa nne kasoro Dada Mkubwa alinyanyua mkono. "Mwalimu, samahani, naomba uangalie tarehe ya zoezi la tatu." Niliangalia. Karatasi ya matibabu ina tarehe ya leo, kwa kuwa wiki iliyopita nilizihuisha tarehe zote ili ziendane na siku ya mwisho. Nguvu ya mashine, senti-grei 120 kwa dakika, imeandikwa pembeni kuwa ilipimwa tarehe 3 Februari. Jibu langu bado ni sekunde 89.

Siku 120 zimepita. Kobalti ya zoezi, kama ingekuwa kobalti ya kweli, sasa ingekuwa inatoa takriban 114.9, pungufu kwa asilimia 4 na ushei, na jibu sahihi lingekuwa sekunde 93. Nimelipitia zoezi hilo mara nyingi kuliko mengine yote na kulisomesha kwa sauti, na sekunde 89 nikazizoea hadi nikaacha kuziona. Nilimshukuru mbele ya wenzake, nikamweleza kuwa hicho ndicho nilichokuwa nikikiogopa tangu siku ya kwanza kuhusu kurithi makosa ya mwalimu, na kwamba yeye amekataa kulirithi hili.

Nimelikata jibu la zamani kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, nikaandika jipya juu yake, tarehe na saini. Kisha nikalifunika kwa karatasi, nikampa binti wa Iringa ukurasa huo akokotoe bila kuona nilichoandika. Alipata sekunde 93, akatia saini chini ya yangu. Mazoezi 11 yaliyobaki yatapitiwa kwa namna hiyo kuanzia kesho saa mbili asubuhi. Watatu kati ya wanne wamesema watakuja, ingawa ratiba yao imekwisha.